Mbwa Yupi Afaa Kulinda Boma Lako?

Katika mji wa Kutus, ulio kati ya Kerugoya na uwanda wa mpunga wa Mwea, nyumba zimeongezeka sana, na kila mwenye nyumba apenda kulala bila hofu ya wezi. Kwa sababu hiyo wengi hutafuta mbwa. Lakini mara nyingi mtu humchagua mbwa kwa kutazama umbo lake na ukali wa sauti yake, asijiulize kama ataweza kumtunza. Baada ya miezi michache mbwa huyo amekonda, amefunguliwa akajitafutie chakula mwenyewe, na badala ya kuwa mlinzi amekuwa hatari kwa watoto wa jirani.

Mbwa wanaotafutwa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye Waingereza walimwita Alsatian, na ambaye watu wengi humjua kama mbwa wa polisi. Wa pili ni mbwa wa kienyeji, aliyekaa na wazee wetu tangu zamani akilinda mbuzi na mashamba.

Alsatian hakuumbwa kwa ajili ya kuuma watu. Asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari wa farasi, alianzisha chama huko Ujerumani cha kuitunza aina hiyo, akitaka mbwa mwenye akili, mtiifu na mwenye nguvu za kazi. Baadaye majeshi na polisi wa nchi nyingi walimchukua kwa sababu hujifunza upesi. Na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanamwona mbwa wa polisi akimtii askari kwa neno moja, wakadhani kwamba alizaliwa hivyo. Sivyo. Mbwa yule hufundishwa kwa miezi mingi, naye ana askari wake wa kumwangalia kila siku. Alsatian aliyefungwa mnyororo mchana kutwa bila mafunzo wala matembezi huharibika tabia, akawa mwoga au mkali kupita kiasi, asiweze kumtofautisha mwizi na mgeni.

Jambo la pili ni chakula. Alsatian dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40, na mbwa wa kienyeji wengi hawafikii hata nusu yake. Kwa hiyo Alsatian mmoja hula karibu sawa na mbwa wawili wa kienyeji, naye huweza kuishi miaka 9 hadi 13. Kutus na Mwea kuna chenga za mchele, na zikipikwa pamoja na omena au mabaki ya nyama huwa chakula kizuri kwa mbwa wa aina zote mbili. Lakini mbwa asipewe unga wa mahindi yaliyoota ukungu. Sumu ya ukungu huo huharibu ini, na huweza kumwua mbwa kama inavyoweza kumwua mwanadamu. Kadhalika asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Jambo la tatu ni afya. Alsatian ana manyoya mazito ya tabaka mbili, ya kumkinga na baridi ya Ulaya. Katika jua la Kutus ni lazima awe na kivuli na maji safi saa zote. Aina hiyo husumbuliwa pia na ugonjwa wa nyonga, ambao watoto hurithi kwa wazazi wao. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huwatazama kwanza baba na mama wa mtoto wa mbwa jinsi wanavyotembea. Mbwa wa kienyeji amezoea joto na chakula cha nchi hii. Hata hivyo, yeye pia hupata kupe na minyoo, na si kweli kwamba hahitaji daktari wa mifugo.

Kuna jambo moja ambalo halichagui aina ya mbwa, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulijulikana Kenya tangu mwaka 1912, na mpaka leo unaua watu. Huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni shida kabisa kupona. Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuumaliza kati ya mwaka 2014 na 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuwachanja mbwa. Kila mbwa achanjwe akifika umri wa miezi mitatu, na tena kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akapate sindano, wala asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Basi ni nani amchukue yupi? Mwenye boma lililozungushiwa ua imara, mwenye fedha za chakula na daktari, na ambaye yeye au mtu wa nyumbani mwake ana saa moja kila siku ya kumfundisha na kumtembeza mbwa, huyo aweza kumfuga Alsatian, naye atapata rafiki hodari. Lakini mwenye vyumba vya kupangisha, ambako watu huingia na kutoka siku nzima, au mwenye shamba lisilo na ua, au anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, afadhali amchukue mbwa wa kienyeji akiwa bado mdogo, amlee pamoja na watoto na kuku, amlishe kila jioni na kumchanja.

Mbwa wa namna hiyo atabweka mgeni akikaribia, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya mlinzi, kwa kuwa wezi wengi hupenda nyumba iliyo kimya. Mbwa mkubwa mwenye njaa hamlindi mtu. Mbwa mdogo aliyeshiba na kupendwa halali mlangoni bure.