Mabinti Watatu wa Bengali

Huku Salamabila, jirani ya dhahabu ya Namoya, wageni wa kazi hawatushangazi. Mtu huja kutoka mbali, hupanga chumba, humpata mtoto wa kumtekea maji, wakazoeana. Kisha kazi huisha, naye huenda zake. Kwa sababu hiyo twadhani wasomaji wetu wa Kabambare na Kasongo wataielewa upesi filamu moja ya nchi ya mbali, Teen Kanya, yaani "Mabinti Watatu", iliyotengenezwa kwa Kibengali na Satyajit Ray mwaka 1961.

Mwaka huo ilitimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengali aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Ray, ambaye ujanani alisoma Santiniketan, katika chuo alichokianzisha mzee huyo, alichagua hadithi zake fupi tatu akaziunganisha kuwa filamu moja. Hata muziki aliutunga mwenyewe, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Hadithi ya pili yamhusu bibi aliyependa vito vyake kuliko mumewe, na mzimu wake warudi kuvidai. Hiyo ingepata watazamaji wengi hapa kwetu penye dhahabu! Lakini nakala zilizopelekwa ng'ambo kwanza hazikuwa nayo, wageni wakaiita filamu "Mabinti Wawili". Ya tatu ni ya kuchekesha: msichana mtundu aozwa kwa kijana msomi, na usiku wa arusi atoroka kwa kushuka mtini. Aliyemwigiza, Aparna Sen, baadaye akawa mtengenezaji wa filamu mwenye sifa.

Ya kwanza tumeiweka mwisho kwa kusudi. Tagore aliiandika mwaka 1891. Karani wa posta, kijana wa Calcutta, apelekwa katika kijiji chenye homa nyingi. Mtumishi wake ni Ratan, mtoto yatima. Kwa upweke wake karani aanza kumfundisha kusoma na kuandika. Kisha aanguka kwa malaria, na Ratan amwuguza kama mtu mzima. Karani apona, lakini kijiji kimemchosha, ataka kwao.

Katika kitabu, wakati wa kuagana amtolea mtoto fedha, karibu mshahara wake wote. Ratan amwangukia miguuni, amsihi asimpe kitu, akimbia. Ray amekibadili kipande hicho, nasi twaona amefanya vema. Katika filamu karani asimama njiani akiwa tayari na sarafu. Ratan apita na ndoo ya maji, wala hamtazami. Mara yasikika sauti yake ikimwambia bwana mpya kwamba maji yamefika. Karani airudisha sarafu mfukoni.

Sisi tulio walimu twaumia hapo. Mtu huyu hakumpiga mtoto wala hakumtukana. Alimpa herufi, kitu chema. Ila alimfundisha ili kuuondoa upweke wake yeye, bila kujiuliza nani ataendelea na kazi hiyo akiisha kuondoka. Sarafu ile ingelipa maji na kufagia. Masomo yaliyokatika katikati hulipwa kwa nini?

Ratan abaki posta na ndoo yake. Filamu haisemi kama bwana mpya ajua kufundisha.