MDUDU MDOGO ALIYEKAUSHA MISAIPRESI

Msaipresi ni mti wa faida. Hutupatia mbao na nguzo. Hupandwa katika mashamba makubwa ya misitu. Watu wengi huupanda pia kuwa ua wa nyumba.

Mwaka 1986 misaipresi ilianza kukauka nchini Malawi. Mwaka 1988 balaa hilo liliingia Tanzania. Mwaka 1990 lilifika Kenya. Majani yaligeuka rangi ya kahawia. Matawi yalikauka. Miti mingi ilikufa.

Adui alikuwa kidukari, mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Vidukari hukaa kwa makundi kwenye vitawi na kufyonza utomvu. Mate yao yana sumu inayodhuru mti.

Kupiga dawa msitu mzima ni gharama kubwa. Tena dawa huua hata wadudu wazuri. Kwa hiyo watafiti walitafuta njia nyingine. Waligundua kwamba kidukari huyu ni mgeni katika Afrika. Huko alikotoka ana adui wake, nyigu mdogo sana. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidukari. Yai huanguliwa, na buu humla kidukari kwa ndani mpaka afe.

Mwaka 1994 nyigu hao waliachiwa huko Malawi. Walizaana, na vidukari wakapungua.

Hesabu miaka hiyo, ndugu msomaji. Kutoka 1986 mpaka 1994 ni miaka minane. Utafiti huchukua muda, na mti hausubiri. Ndiyo maana habari za mdudu mgeni lazima zifike mapema.

Watafiti ni wachache. Hawawezi kupita kila shamba. Lakini wewe unaiona miti yako kila siku, na sasa unajua kuandika. Ukiona miti inakauka bila sababu, fanya hivi:

1. Andika tarehe na jina la kijiji.
2. Andika aina ya mti na umri wake.
3. Hesabu miti mizima na miti iliyougua.
4. Tia wadudu katika chupa yenye kifuniko.
5. Usipeleke matawi yenye wadudu shamba jingine.

Mpelekee Bwana Misitu karatasi hiyo na chupa. Yeye atawasiliana na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, Morogoro.

Karatasi yako moja inaweza kuokoa msitu.