Tumbo la Mti, Chale za Nta

Anayecheza ni mwanamume, lakini ana mimba. Kifuani amejifunga kwa kamba kiwiliwili cha mwanamke kilichochongwa kwa mti mwepesi: matiti, tumbo lililojaa, kitovu kilichotokeza. Usoni amevaa kinyago cha kike, na anazunguka uwanja taratibu, kwa hatua za mtu aliyekaribia kujifungua. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania walitoa vinyago vya aina hii kwenye ngoma za kuwapokea vijana waliotoka jandoni. Wavulana wamekwisha kufundishwa utu uzima. Sasa wanaonyeshwa walikotoka.

Kwenye makumbusho kiwiliwili hicho huning'inizwa ukutani kama ngao, na mtazamaji akapita zake. Asogee. Juu ya tumbo kuna mistari iliyoinuka, pembe ndani ya pembe, ikikizunguka kitovu. Mara nyingi haikuchongwa. Ni nta ya nyuki iliyobandikwa kuiga chale. Kwenye ngozi halisi fundi alikata kwa kisu kidogo, akasugua unga wa mkaa kwenye jeraha, na kazi ikarudiwa mpaka kovu likatuna. Mchongaji angeweza kuchora kwa rangi, kazi ikaisha mapema. Nadhani alichagua nta kwa sababu kovu la namna hiyo halikuwa la kutazamwa tu, lilipapaswa. Upande wa pili wa mto Ruvuma, kwenye vinyago vya Msumbiji viitwavyo mapiko, wengine walikwenda mbali zaidi: walipandikiza nywele za binadamu kwenye kichwa cha mti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kumbukumbu ya mababu imo ndani ya damu. Hakuna mtoto aliyezaliwa na chale. Kila kizazi kilichanjwa upya, kwa maumivu, mbele ya wakubwa wake. Urithi wa hivyo hukatika kizazi kimoja tu kikikataa, na ndivyo ilivyokwenda: nyuso zenye nembo za chale na midomo iliyotobolewa kutiwa ndonya zimebaki kwa wazee wachache. Ngozi ya bibi sasa utaikuta kwenye mti.

Na mti, kwa Wamakonde, una haki hiyo tangu mwanzo. Ngano yao ya asili, iliyoandikwa na Mjerumani Karl Weule baada ya safari yake ya 1906, inasimulia juu ya mtu aliyeishi porini peke yake. Alichonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, usiku ikapata uhai. Huyo ndiye mama wa kabila. Watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama wamemweka mama huyo mikononi mwa mchongaji.

Mpingo, mti wa sanamu za kuuza, una habari nyingine. Wachongaji wengi walivuka Ruvuma kutafuta kazi, wengine kwenye mashamba ya mkonge, wakajikuta wanawauzia wageni mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Roberto Yakobo Sangwani alileta Dar es Salaam sanamu ya gogo moja lenye watu waliobebana. Inasimuliwa kwamba ilikuwa ya bingwa wa mieleka aliyeinuliwa na wenzake. Siasa ya Nyerere ikaupa mtindo huo jina, ujamaa. Muuzaji wa sanamu sokoni Mwenge, Dar es Salaam, leo atakuambia ni mti wa ukoo, mzee mmoja na wajukuu wake wote. Simwiti mwongo. Bingwa amegeuka babu mbele ya macho yetu, na wachongaji wenyewe sasa wanachonga babu.

Ila ujamaa wa haraka haraka, unaochongwa kwa ajili ya begi la mtalii, hujulikana. Usitazame nyuso, maana nyuso hufanana. Lizungushe gogo utazame miguu. Kwenye kazi nzuri kila unyayo umekanyaga bega au mgongo wa mtu, na bega hilo limeinama kwa uzito. Kwenye kazi mbovu miguu inaelea.