Daktari aliyeuawa mara mbili: rekodi za Kool Keith

Tuanze na rekodi ambayo sioni wa kuivunja: kumuua mhusika wako mwenyewe, yule aliyekuletea jina, tena mara mbili. Mwaka 1996 Kool Keith, mchanaji mzaliwa wa Bronx, New York, alijitokeza kama Dr. Octagon, daktari wa upasuaji na magonjwa ya wanawake kutoka sayari ya Mshtarii, ambaye ukiingia kliniki kwake ni heri uwe umeshaandika wosia. Biti za albamu ya daktari huyo zilitengenezwa na Dan the Automator, na santuri zikakwaruzwa na DJ Qbert. Mwaka uliofuata lebo kubwa ya DreamWorks iliichukua albamu hiyo, na mashabiki wapya, ambao wengi hawakujua hata Ultramagnetic MCs, kundi alikotokea, wakawa hawana jina jingine la kumwita ila daktari. Keith akachoka naye. Mwaka 1999 alizuka kama Dr. Dooom, muuaji mla watu, na kazi ya kwanza ya Dooom kwenye albamu yake ilikuwa kummaliza Octagon. Mwaka 2006 ikatoka albamu nyingine kwa jina la marehemu, ambayo Keith hakuwa na mkono mkubwa ndani yake. Dooom akarudi mwaka 2008 kumuua upya. Hata hivyo mwaka 2018 daktari alikuwa studio tena, pamoja na Automator na Qbert, wakitoa Moosebumps.

Kwa wingi wa majina hana mpinzani. Wasanii wengi huwa na a.k.a. mbili tatu za kujipamba. Keith ana Poppa Large, Black Elvis, Matthew, Tashan Dorrsett na msururu mwingine, na kila mmoja huja na nguo zake, sauti yake na kichaa chake. Ninayempenda ni Mr. Gerbik, mjomba wa Dr. Octagon: nusu papa, nusu mamba, nusu mtu. Nusu tatu! Mwalimu wa hesabu atakataa, lakini katika ukoo ule hakuna anayeshangaa.

Msamiati wake nao umewahi kupimwa. Mwaka 2014 Mmarekani Matt Daniels alichukua maneno 35,000 ya mwanzo ya kila mchanaji, akahesabu maneno tofauti yaliyomo ni mangapi. Aesop Rock aliongoza kwa maneno 7,392, na Keith akawa miongoni mwa wa juu kabisa. Tofauti yao ni kwamba Aesop Rock husikika kama mtu aliyekesha na kamusi, ilhali Keith huokota maneno hospitalini, dukani na kwenye filamu za kutisha, kisha huyapanga pasipo kujali kama yanajuana. Kina kikikataa, anakiacha, anaendelea.

Sauti iliyosikika mbali zaidi bila mwenyewe kutambulika? Ni yake pia. Mwaka 1997 The Prodigy wa Uingereza walikata kipande kutoka wimbo wa zamani wa kundi lake, Ultramagnetic MCs, wakakijengea singo iliyozua zogo kubwa. Albamu yao ilishika namba moja Uingereza na Marekani, na madisko ya dunia nzima yakacheza sauti ya Keith.

Uongo uliodumu zaidi ni ule wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bellevue. Alimwambia mwandishi kwamba aliwahi kulazwa huko, habari ikanukuliwa miaka na miaka. Baadaye alisema alikuwa anatania tu.

Sasa hizi albamu za uzeeni. Kusubiriwa kulikovunja rekodi ni kwa Black Elvis: ya kwanza ilitoka 1999 chini ya Columbia, ya pili 2023 chini ya Mello Music Group, miaka 24 baadaye, naye akikaribia kutimiza 60. Kwa sikio langu, hata hivyo, Moosebumps ndiyo bora katika kazi za miaka hii. Keith anapojisimamia hutoa nyimbo kama anayemwaga karanga, njema na mbovu pamoja. Automator humwekea uzio, na ndani ya uzio huo ndimo anapochana vizuri. Feature Magnetic ya 2016 nayo ina wimbo mmoja wa kuutafuta, ule anaokutana na MF DOOM, mwenye kinyago, aliyefariki 2020. Ni ajabu kwamba watu wawili hawa hawakufanya albamu nzima pamoja.

Anayeanza leo aanzie Critical Beatdown ya 1988, ya Ultramagnetic MCs, kisha aende kwa daktari. Sex Style ya 1997 ndiyo chafu kuliko zote alizotoa. Hiyo sikiliza kwa spika za masikioni, na hakikisha waya umeingia vizuri kabla shangazi hajapita sebuleni.