MIAKA 50 BAADA YA KUFA, NI YA NANI?



Wenzetu wanaopiga gita na kuimba harusini hapa Mahoko wametuuliza: wimbo ni mali ya mtunzi kwa miaka mingapi? Swali ni la haki, maana nyimbo zao zinatiwa kwenye simu za watu kila siku ya soko, na anayelipwa ni mwenye kibanda.

Jibu ni hili. Mtunzi ana haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na akifa warithi wake wanaishika miaka 50 zaidi. Mkataba wa Berne, ambao Rwanda iliingia mwaka 1984, hauruhusu nchi kushuka chini ya hapo. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2009 iliandika 50, ya Kongo ya mwaka 1986 vilevile, na ya Tanzania ya mwaka 1999. Ulaya na Marekani wamepanda mpaka 70. Wapiga picha wajue kwamba picha yao mkataba unaipa ulinzi mdogo zaidi: nchi inaweza kuishia miaka 25 tangu ilipopigwa.

Tutoe mfano. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, basi vitabu vyake vilikuwa vya warithi mpaka mwisho wa 2012. Cyprien Rugamba wetu aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994. Kwa hesabu ya 50, nyimbo zake ni za warithi mpaka mwisho wa 2044.

Wako wanaonung'unika kwamba miaka hiyo ni mingi mno, mjukuu anakula jasho la babu. Uingereza mwaka 1710 ilimpa mwandishi miaka 14 tu, na 14 mingine akiwa bado hai. Sisi hatugombani juu ya 50 au 70. Shamba nalo linarithiwa na hakuna anayelalamika. Tunachouliza ni nani anayeishika miaka hiyo, kwa sababu mara nyingi si mtunzi wala mtoto wake.

Msikieni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alikuwa kibarua wa kufunga sahani za santuri katika kampuni ya Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 kampuni hiyo ilirekodi wimbo wake "Mbube", na haki zake akaziachia kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia nzima kwa jina jingine, hata ukaingia katika filamu ya Disney ya mwaka 1994. Yeye alikufa maskini mwaka 1962. Miaka ya ulinzi ilikuwepo yote, haikupungua hata mmoja, ila ilikuwa mikononi mwa wengine.

Kilichowaokoa binti zake ni kifungu katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki zinarudi kwa warithi, hata kama aliziuza. Kwa kifungu hicho walishitaki mwaka 2004, na mwaka 2006 wakapatana na kulipwa. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1976, inamruhusu mtunzi kudai kazi yake irudi baada ya miaka 35, lakini si kazi aliyoifanya akiwa mwajiriwa. Hapo mwajiri amejilinda vizuri!

Tukipigania jambo katika sheria, tupiganie kifungu cha namna hiyo kabla ya kuongeza miaka juu ya miaka.

Kwa sasa, ndugu, mwenye studio akikuletea karatasi, tazama kama imeandikwa kuuza au kukodisha. Mwenye nyumba hukodisha chumba, hauzi kiwanja. Andikeni muda, tuseme miaka mitano, na kazi gani: redio, simu, harusi. Kila ambacho hakikutajwa kiandikwe kuwa kinabaki kwa mtunzi. Nakala moja ibaki nyumbani kwako, na mke au mume ajue ilipo. Ambaye hajatia sahihi ailete kwanza kwa katibu, tuisome pamoja.