Leseni na Mrabaha: Mwelekeo wa Maana katika Istilahi za Hakimiliki

Makala haya yanafafanua istilahi mbili za hakimiliki, leseni na mrabaha, na namna maana zake zilizozoeleka zinavyoweza kumkosesha mbunifu haki yake. Mfano unaotumika ni wa msukaji wa vikapu wa Kasulu au Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma.

Katika matumizi ya kila siku, leseni hutolewa na mamlaka: mfanyabiashara huilipia, dereva vilevile. Mrabaha, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na faida, husikika zaidi katika sekta ya madini, ambako mchimbaji huilipa Serikali. Kwa maneno yote mawili, mwananchi ndiye mlipaji.

Katika hakimiliki mwelekeo hugeuka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za vitu vya matumizi, zikiwamo kazi za mikono, na ulinzi huo hausubiri usajili. Hivyo, msukaji aliyebuni nakshi mpya ndiye mtoa leseni. Kampuni inayotaka kuichapa nakshi hiyo kwenye vitambaa ndiyo inayomlipa mrabaha. Akiambiwa tu kwamba panahitajika leseni, anaweza kudhani kuwa yeye ndiye anayedaiwa, akajitoa.

Kitenzi kuuza nacho huficha tofauti. Aliyeuza kikapu hajauza nakshi yake. Anayetoa leseni huruhusu nakshi itumike kwa muda, eneo na namna iliyotajwa, huku haki ikibaki kwake. Anayehawilisha haki huiachia. Mkataba unaosema “nimeuza mchoro wangu” haubainishi lililokusudiwa.

Nakshi ya jadi ina hukumu tofauti. Iliyorithiwa na Waha kwa pamoja haiwezi kutolewa leseni na msukaji mmoja kana kwamba ameibuni yeye. Sheria hiyohiyo inazilinda sanaa za jadi kwa masharti yake yenyewe.

Sarufi ya mkataba inaweza kuondoa utata huu. Sentensi “leseni inatolewa” humficha mtenda. Sentensi “msukaji anairuhusu kampuni kutumia nakshi hii kwa miaka miwili, nayo kampuni itamlipa mrabaha” humtaja anayetoa, anayepokea na anayelipa. Mikataba ya Kiswahili ikiandikwa hivyo, msukaji ataelewa anachotia saini kabla hajakitia.