Baiskeli ya gia moja milimani: namna ya kuipima, kuibadili na kuirekebisha

Baiskeli ya gia moja ina mnyororo mmoja, gia moja ya mbele kwenye krenki na gia moja ya nyuma kwenye gurudumu. Haina kifaa cha kubadilisha mwendo. Idadi ya meno iliyofungwa siku ya kwanza ndiyo inayopanda mlima, ndiyo inayoshuka, na ndiyo inayokwenda tambarare.

Ukoo huu una ndugu wawili wasiofanana kwa sura. Wa kwanza ni baiskeli ya mashindano ya uwanjani: nyepesi, isiyo na breki wala friwili (gia ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia), iliyoundwa kuzunguka kiwanja cha mviringo tu. Wa pili ni baiskeli nyeusi ya chuma iliyozoeleka vijijini kote Afrika Mashariki: Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Hero na Avon za India, na Swala iliyoundwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO. Wakenya huiita Black Mamba. Ndugu hawa wanafanana sehemu moja muhimu. Masikio ya fremu yanayoshika ekseli ya nyuma yamefunguka kuelekea nyuma, na mnyororo hukazwa kwa kulivuta gurudumu. Kwa hiyo kanuni nyingi za kuipima na kuirekebisha moja zinaifaa na nyingine.

Mfano wa mahali pa kuzitumia kanuni hizo ni kata ya Maguu, wilayani Mbinga, iliyo katika milima ya Umatengo mkoani Ruvuma, nchi ya kahawa na ya mashamba ya ngoro yaliyochimbwa kwenye miteremko. Vilele vya milima hii vinakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Nyasa, upande wa magharibi, haufiki mita 500. Baiskeli ya gia moja imeundwa kwa ajili ya mtu wa kimo cha wastani anayepita njia ya wastani, na Umatengo hakuna njia ya wastani. Kinachobaki ni kuifanya iwe ya mwenyewe na ya mlima wake, na kazi hiyo inahitaji futi, spana, nyundo na subira zaidi kuliko inavyohitaji fedha.

Ukubwa wa fremu

Fremu hupimwa kwa inchi, kuanzia katikati ya krenki hadi mwisho wa bomba linaloshika kiti. Baiskeli nyeusi za kiume huwa za inchi 22 au 24, na nyingi hutembelea magurudumu ya inchi 28. Muuzaji hutaja ukubwa wa gurudumu, lakini kinachoamua kama baiskeli itamfaa mtu ni urefu wa fremu.

Kipimo cha kwanza ni kusimama. Mnunuzi huitanua miguu juu ya bomba la juu, nyayo zote mbili zikiwa chini, akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku. Kati ya bomba na mwili pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pasipobaki nafasi, fremu ni kubwa, na siku baiskeli itakaposimama ghafla kwenye mteremko wa utelezi, bomba hilo litaumiza.

Kipimo cha pili ni urefu wa mguu kwa ndani. Mtu husimama ameegemea ukuta, akabana daftari gumu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha urefu ukapimwa kutoka ukingo wa juu wa daftari hadi sakafuni. Namba hiyo iandikwe, kwani itatumika tena kwenye kiti.

Baiskeli ya kike, yenye bomba lililoinama, haina tatizo la kusimama. Inamfaa anayevaa kitenge, kijana ambaye bado anakua, na yeyote anayepanda na kushuka mara nyingi akiwa na mzigo nyuma. Udhaifu wake ni kwamba fremu hujipinda zaidi chini ya mzigo mzito.

Kiti na usukani

Urefu wa kiti ndio marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote, na hayagharimu chochote. Kanuni inayotumiwa na waendesha baiskeli wa mashindano ni kuzidisha urefu wa mguu kwa 0.88. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti, ukipimwa sambamba na bomba la kiti. Mwenye mguu wa sentimita 80 atapata kama sentimita 70. Asiye na futi ana njia nyingine: akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyofika chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Akianza safari na kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo msuli wa paja unapofanya kazi vizuri.

Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma kwa mbele na mapaja huchoka kabla kilima hakijafika nusu. Kikiwa juu mno, nyonga hucheza kushoto na kulia. Anayebeba magunia mara nyingi hushusha kiti ili miguu yote iguse chini anaposimama. Uamuzi huo una sababu, ila sentimita mbili au tatu zinatosha. Zaidi ya hapo magoti ndiyo yanayoumia. Bomba la kiti nalo lisivutwe juu kupita kiasi. Angalau sentimita 6 au 7 zibaki ndani ya fremu, vinginevyo fremu hupasuka mahali hapo. Pua ya kiti ilale sawasawa, isielekee juu wala chini.

Usukani huanza kulingana na kiti au kuwa juu yake kidogo. Kuupandisha si kuvuta tu. Ndani ya shingo yake kuna kabari inayobana bomba la foki. Bolti ya juu hulegezwa mizunguko michache bila kutolewa, kipande cha ubao huwekwa juu yake, kisha hugongwa kwa nyundo mara moja au mbili. Bolti huzama, kabari huachia, usukani huanza kuzunguka kirahisi. Kwenye baiskeli yenye breki za fimbo, viungio vya fimbo navyo hulegezwa kwanza, la sivyo fimbo hujikunja na breki huharibika siku ile ile.

Meno ya gia

Kwenye baiskeli nyeusi gia ya mbele mara nyingi ina meno 44 hadi 48, na friwili ina meno 18 au 20. Meno ya mbele yakigawanywa kwa ya nyuma, kisha jibu likizidishwa kwa mzingo wa gurudumu, hupatikana umbali wa mzunguko mmoja wa pedali. Gurudumu la inchi 28 lenye tairi nene lina mzingo wa karibu mita 2.24. Kwa hiyo 44 kwa 18 husogeza baiskeli kama mita 5.5, 44 kwa 20 mita 4.9, na 44 kwa 22 mita 4.5. Baiskeli ya uwanjani yenye 48 kwa 15 hupita kama mita 6.7 kwa mzunguko, lakini haijui kilima wala gunia.

Kutoka friwili ya meno 18 kwenda ya 22 hupunguza nguvu ya kukanyaga kwa karibu asilimia 18. Mwendeshaji wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 50 ni jumla ya kilo 130. Kwa friwili ya 22, kilo hizo hupanda kwa nguvu iliyokuwa inahitajika kupandisha kilo 106 hivi. Gharama yake huonekana tambarare: kwa mizunguko 60 kwa dakika, mwendo hushuka kutoka karibu kilomita 20 kwa saa hadi 16. Kwa mtu wa Maguu anayepanda kila siku, biashara hiyo ina faida. Anayeishi ufukweni na kuzungukia njia za tambarare kando ya ziwa anaweza kubaki na 18.

Friwili huuzwa moja moja na hufungwa kwa nyuzi kwenye kitovu cha gurudumu, hivyo kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye kifaa cha kufungulia. Friwili kubwa hula mnyororo zaidi. Kwa ongezeko la meno manne gurudumu husogea mbele karibu milimita 13. Masikio ya fremu yasipokuwa na nafasi hiyo, pingili huongezwa kwenye mnyororo.

Kukaza mnyororo

Hapa ndipo mkono wa fundi mzoefu unapojulikana. Baiskeli hupinduliwa, ikasimama kwa kiti na usukani. Nati mbili za ekseli ya nyuma hulegezwa kiasi tu cha gurudumu kukubali kusogea. Nati ya upande wa mnyororo huvutwa nyuma na kubanwa kidogo. Kisha gurudumu husukumwa mpaka tairi likae katikati ya mabomba ya fremu, na nati ya upande wa pili hubanwa. Krenki huzungushwa polepole huku kidole kikibonyeza mnyororo katikati, kati ya gia mbili. Ucheze sentimita moja hadi moja na nusu. Kwa kuwa gia za bei nafuu hazina mviringo kamili, mnyororo hukaza mahali pamoja na kulegea pengine; kipimo huchukuliwa pale unapokaza zaidi. Mnyororo uliobanwa mno hulia na kumaliza gololi za krenki. Uliolegea huruka kutoka kwenye meno, na ukiruka kwenye mteremko unaweza kujisokota kwenye gurudumu.

Uchakavu hupimwa kwa rula. Pini 25 mfululizo za mnyororo mpya huchukua inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, na ukiendelea kutumika utatafuna meno ya friwili mpya.

Breki na mteremko

Breki za fimbo hubana ringi kwa ndani. Raba zikae milimita 3 hivi kutoka kwenye ringi, pande zote mbili sawa. Kila gurudumu la nyuma linaposogezwa kwa ajili ya mnyororo, raba za nyuma zipangwe upya. Kazi hii husahaulika mara nyingi, na raba huishia kugusa spoku. Ringi ya chuma ikilowa, breki hupoteza nguvu nyingi. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mwendeshaji huanza kubana kidogo kidogo kabla ya mteremko ili raba zifute maji.

Baiskeli ya uwanjani husimamishwa kwa miguu, kwani pedali huzunguka kila gurudumu linapozunguka. Kuiga mtindo huo kwa kuchomelea friwili ya kawaida ni hatari. Friwili hukazwa na msukumo wa kwenda mbele. Miguu ikizuia kwa nyuma, nyuzi hufunguka. Kitovu cha baiskeli ya uwanjani kina nati ya pili yenye nyuzi zinazokaza kinyume, na baiskeli nyeusi haina.

Keria, spoku na mzigo

Keria ya dukani hubeba mtu mmoja. Gunia la kahawa hudai nondo za ziada kutoka kwenye keria hadi kwenye ekseli. Mzigo usogezwe mbele karibu na kiti na uwe chini kadiri inavyowezekana. Ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba. Nchini Rwanda, Mmarekani Tom Ritchey alibuni baiskeli ya wakulima wa kahawa yenye mgongo mrefu, ambayo mzigo wake hukaa katikati ya magurudumu badala ya kuning'inia nyuma. Chukudu ya mbao ya mashariki ya Kongo hutumia akili hiyo hiyo: mzigo hulala chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma.

Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi kwa kawaida lina spoku 40 na la mbele 32, kwa sababu uzito uko nyuma. Spoku zikigongwa moja moja kwa spana hutoa mlio. Inayotoa mlio mzito imelegea na huongezwa robo mzunguko kwa wakati mmoja, huku ringi ikitazamwa inavyopita kati ya raba za breki.

Baada ya marekebisho yote, baiskeli huendeshwa bila mzigo kwa siku mbili tatu, kisha nati zote hukazwa tena. Pini za krenki ndizo za kuangaliwa zaidi: hugongwa kwa nyundo huku chuma kizito kikizuia krenki kwa chini, na nati yake hukazwa mara moja. Pini iliyolegea hutoa mlio wa kugonga kila pedali inapozunguka. Mlio huo ukisikika, safari isimame hapo hapo, kwani kila hatua inayoongezwa hulipanua tundu la krenki mpaka pini mpya isiweze kuishika.